Tirsit na Watu wa Mwezi wa Kumi na Tatu

DESSIE. Saa moja kasorobo asubuhi, mvua ya Nehase, mwezi wa kumi na mbili, inapiga mabati ya kiwanda cha tambi cha Gerado kama vile ina ugomvi nayo. Tirsit Woldeyes anaingia ofisini akitweta, anakung'uta mtandio wake mweupe, anawasha kompyuta kabla hajakaa, kisha anaanza kuita mahudhurio.

"Lisanu, jana saa kumi na moja jioni umetoka, vizuri. Mhasibu, umesahau kufunga tena, utaniua siku moja wewe. Mkaushaji namba tatu, upo. Namba nne, upo."

Chumbani hamna mtu mwingine. Majina anayoyaita yamo kwenye kioo cha kompyuta, orodha ya kila aliyeingia kwenye mtandao wa kiwanda tangu jana asubuhi. Akifika namba saba anatabasamu, halafu anarukia nane.

"Saba leo ndiyo siku yake ya mwisho," anamwambia mwandishi. "Atakuja saa nne, wakati wa kahawa. Namba yake nimeifunga tangu siku ile, ila kuifuta kabisa kunataka watu watatu. Kaa, habari yake ni ndefu."

Tirsit ana miaka thelathini na tisa. Ni msimamizi wa mtandao wa kiwanda hiki chenye wafanyakazi mia mbili na kumi na kompyuta sitini na nne. Yeye ndiye anayempa kila mtu ruhusa ya kufungua anachostahili kufungua, na kumnyang'anya siku anapoondoka. Mshahara wake ni birr 16,400 kwa mwezi, na kwa huo anamtunza mama yake pamoja na binti yake, Mahlet, aliye darasa la nane.

Kwa miaka tisa nywila zote kubwa zilikaa kichwani mwake peke yake. Heshima hiyo ilikuwa na gharama. Katika miaka hiyo hajawahi kulala nje ya Dessie usiku mmoja bila kupigiwa simu.

"Kaka yangu alioa Gondar. Nimevaa nguo ya harusi, nimesukwa, bibi harusi ananingoja tupige picha, mimi niko nyuma ya hema namwelekeza mhasibu atoe karatasi iliyokwama kwenye printa. Picha zote za harusi ile niko na simu sikioni. Watu wananiuliza mpaka leo, yule dada alikuwa anaongea na nani?"

Matatizo yalianza mwezi uliopita, Hamle, mvua kubwa ilipoanza.

Tambi mbichi hupitishwa kwenye vyumba vinne vya kukaushia. Joto na unyevu wa kila chumba hupangwa kwa kompyuta. Zikikaushwa haraka mno hupasuka, na tambi iliyopasuka hakuna mama wa Dessie atakayeinunua. Zikikaushwa polepole mno huota ukungu. Kazi nzima iko hapo katikati.

Alfajiri moja, saa kumi na mbili na dakika ishirini, mtu aliingia akabadilisha unyevu wa chumba cha pili. Siku tatu baadaye akarudia. Ndani ya wiki mbili alikuwa ameingia mara tano, na kila aliyekuwa zamu aliapa kwamba hakugusa kitu.

Tirsit alipofuatilia aligundua mambo mawili. Kompyuta iliyotumika ni ile ya kibanda cha walinzi getini, inayoandikishiwa malori. Na aliyeingia alitumia namba saba.

Hapo ndipo kitanzi kilipomzunguka yeye mwenyewe. Mashine za kukaushia zilitengenezwa Italia na haziwajui watu kwa majina, zinawajua kwa namba. Orodha ya nani ana namba ipi iko kwenye daftari la Lisanu Adane, afisa utumishi, na humo namba saba ilikuwa imekatwa, haina mtu. Mtu akiacha kazi, Lisanu hujaza tarehe ya kuondoka kwenye kompyuta yake na namba hujifunga yenyewe. Ndivyo kila mtu kiwandani alivyoamini.

Mkurugenzi, Ato (yaani Bwana) Girum Zewde, alimwita ofisini. Tirsit anayasimulia mazungumzo yale huku akiiga sauti nzito ya bosi wake.

"Namba iliyokufa haifufuki yenyewe, Tirsit. Nani ana uwezo wa kuifufua?"

"Mimi."

"Nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Basi umejijibu."

Ato Girum hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na hofu, kwani vyumba vile vikizidi joto vinaweza kuwaka, na mjini kulikuwa na maneno kwamba kiwanda jirani kinawanunua watu wa ndani. Alimpa Tirsit mpaka Ijumaa. Asipompata mhusika, Jumatatu wangekuja wataalamu kutoka Addis Ababa, naye angewakabidhi nywila zote na kwenda nyumbani kusubiri polisi.

"Nilirudi mezani," anasema. "Nilianza kujishuku. Nikajiuliza, labda natembea usingizini? Nikamwambia mama, akaniambia, 'Kula kwanza.' Nikala mchuzi wa shiro huku nalia, na Mahlet ananiangalia tu. Mtoto yule yule niliyekuwa namwambia kila siku, soma, kazi yangu si unaiona ilivyo nzuri."

Kesho yake alikwenda getini kumhoji mlinzi wa zamu ya alfajiri, Seid Yimam.

"Seid, sema kweli. Kuna mgeni yeyote anayeingia kibandani kwako alfajiri?"

"Wallahi, Tirsit, hakuna mgeni hata mmoja. Nikikudanganya nisifike Ramadhani."

Na Seid, kama ilivyokuja kujulikana, alikuwa anasema kweli tupu.

Jumatano alihamia ofisini kwa Lisanu, mtu mnene mcheshi ambaye mafaili yake yamefika dirishani. Kumfanya Lisanu aongee si kazi, kazi ni kumnyamazisha.

"Namba saba alikuwa nani kabla haijawa tupu?" Tirsit alimuuliza.

"Mzee wetu, Gashe Yirdaw wa vyumba vya kukaushia. Si ulichanga na wewe, tukamnunulia gabi ya kujifunika, zawadi ya kustaafu?"

"Aliondoka lini?"

"Pagume nne. Hukumbuki tulivyocheka? Mzee mjanja, kasubiri mpaka zile siku tano za mwisho wa mwaka ambazo hatulipwi, ndiyo akaaga."

"Fungua faili lake. Nionyeshe tarehe ya kuondoka."

Lisanu alifungua. Kisanduku cha tarehe kilikuwa cheupe.

"Mbona hamna kitu?"

"Aa, hiyo. Pagume huwa haiingii."

"Haiingii vipi?"

"Mashine haiitaki. Ukiandika mwezi wa kumi na tatu inakataa, inapiga kelele, inaandika mekundu. Yenyewe inajua miezi kumi na miwili tu. Basi mimi naacha wazi, nasema nitajaza mwaka mpya. Mwaka mpya ukifika, kuna maua ya njano, kuna kuku, kuna wageni. Nasahau."

"Lisanu. Umefanya hivyo mara ngapi?"

Lisanu alikuna kichwa. "Tangu nianze kazi."

"Miaka kumi na moja!"

"Abo, usinipigie kelele mimi! Kampigie aliyetengeneza mashine bila kuuliza mwaka una miezi mingapi!"

Waliketi chini wakahesabu. Watu tisa walikuwa wameacha kazi katika Pagume, mwezi huo wa kumi na tatu wenye siku tano tu, kwa miaka hiyo kumi na mmoja, na wote tisa mtandao uliwaona kuwa bado wako kazini. Wawili wako Jeddah. Mmoja ana mgahawa Kombolcha. Mmoja alikwisha kufariki, na bado alikuwa na ruhusa ya kufungua ghala la unga.

"Nilimwambia Lisanu, huyu marehemu ndiye mfanyakazi wetu mwaminifu kuliko wote, hajaiba hata kilo," anasema Tirsit, kisha anajiziba mdomo. "Mungu amrehemu, usiandike hilo."

Ijumaa, siku ya mwisho aliyopewa, Tirsit alifika getini saa kumi na moja na nusu alfajiri akajibanza nyuma ya mlango wa kibanda. Alijua sasa kwamba namba saba ilikuwa hai, lakini hakujua iko mkononi mwa nani. Mzee anaweza kuibiwa namba, au kuiuza. Gashe Yirdaw alimfundisha kazi nyingi alipoanza, na Tirsit anakiri kwamba alikuwa anaomba asiwe yeye.

Saa kumi na mbili na robo mlango ulisukumwa. Aliingia mzee mrefu aliyejifunika gabi nyeupe iliyolowa mvua, akitoka sala ya alfajiri kanisani. Seid aliruka kutoka kitini.

"Umeamkaje, Gashe? Kaa hapa pana joto. Chai hii."

Mzee aliketi, akavaa miwani, akavuta kompyuta, na kwa kidole kimoja akaanza kubonyeza.

Tirsit alitoka mafichoni. "Seid! Nilikuuliza kama kuna mgeni!"

"Mgeni gani?" Seid alishangaa kwelikweli. "Huyu Gashe Yirdaw! Mgeni ni mtu ambaye nikimwona nasimama kumuuliza anakwenda wapi. Huyu nikimwona nasimama kumpisha akae."

Gashe Yirdaw Kassa, miaka sitini na sita, thelathini na mmoja kati yake kwenye vyumba vya kukaushia, aliinua uso akamtazama Tirsit juu ya miwani.

"Tirsit mwanangu, mbona umejikunyata kama kuku wa mvua? Seid, mpe chai na yeye."

"Gashe, unafanya nini hapo?"

"Naongeza unyevu chumba cha pili. Hewa ya leo nzito, huisikii? Na huyo injinia wenu anakausha tambi utadhani tuko jangwani Afar. Nasikia zinavyopasuka mpaka kitandani kwangu."

"Lakini ulistaafu!"

"Nilistaafu, ndiyo. Ila mvua ilipoanza nikapita hapa kuwasalimu, nikasema hebu nijaribu. Nikabonyeza saba, ikafungua." Mzee alishusha miwani. "Miezi kumi nimekaa nyumbani hakuna aliyeniuliza kitu, halafu mashine inanifungulia. Nikajua bado mnanihitaji, mnaona haya tu kuniambia."

Tirsit anasema alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia. "Nililia kwa kuwa nimepona. Halafu nikalia kwa ajili yake. Mzee wa watu alidhani mlango umeachwa wazi kwa makusudi."

Ofisini kwa mkurugenzi mambo hayakuwa mepesi. Ato Girum alishika simu kuwaita polisi, kwani kuingia ni kuingia. Tirsit aliweka karatasi moja mezani. Katika asubuhi za kawaida za mwezi ule, pakiti kumi na moja kati ya mia zilikuwa na tambi zilizopasuka. Katika zile asubuhi tano za namba saba, zilikuwa tatu.

Ato Girum aliisoma karatasi mara mbili. "Kwa hiyo mhalifu wetu…"

"Ndiye mkaushaji bora uliyewahi kuwa naye, bosi."

"Na unataka nimshukuru?"

"Usimshukuru bado. Mzee mwenye nia njema ameingia mara tano hatujui. Mwenye nia mbaya angekuwa wapi sasa hivi?"

Simu ilirudi mahali pake. Namba tisa zilifungwa siku ileile. Gashe Yirdaw, aliyekuwa ameketi kwenye kona na gabi yake, ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Sisi wote tunachungwa na Tirsit. Tirsit anachungwa na nani?"

Tirsit anasema alihisi masikio yanawaka.

"Sikusemi vibaya, mwanangu. Mimi kanisani kwetu nashika ufunguo mmoja wa chumba cha hazina. Kina kufuli tatu. Ufunguo mmoja uko kwa kasisi mkuu, mmoja kwa katibu, mmoja kwangu. Kasisi mkuu mwenyewe haingii peke yake, na hakuna anayemwita mwizi. Wewe umeachiwa funguo zote tatu. Ndiyo maana kilipoguswa kitu, wakakutazama wewe. Hawakukuheshimu, walikutwisha mzigo."

"Wiki nzima nilikuwa natafuta neno la jambo lile," anasema Tirsit. "Mzee akalitoa kama anaomba chumvi."

Wiki mbili baadaye alimpelekea mkurugenzi ombi ambalo Ato Girum anasema hajawahi kulisikia kwa mfanyakazi yeyote. Aliomba apunguziwe madaraka. Nywila kuu ivunjwe vipande vitatu, kimoja kwake, kimoja kwa Lisanu, kimoja kwa mkurugenzi. Na kila anachokifanya kwenye mtandao kiandikwe mahali asipoweza kufuta, Lisanu akisome kila Jumatatu.

Ato Girum alikubali, ila kwa sharti moja. "Mimi ndiye mkurugenzi. Nipe nzima."

"Wewe hasa hapana, bosi. Paswadi yako umeiandika nyuma ya kalenda."

Mkurugenzi aligeuka taratibu akaitazama kalenda ya ukutani. Akachukua kipande kimoja.

Sasa Lisanu amekuwa hashikiki. Kila Jumatatu anakuja na karatasi yake amekunja uso. "Jumanne saa nane mchana ulifungua faili la magari. Kulikoni?" Tirsit anajibu, anatia saini, na Lisanu anaondoka amevimba kama hakimu. "Ananiudhi sana," anasema Tirsit, na uso wake unasema kinyume. "Lakini nalala. Miaka tisa sikujua kwamba nilikuwa silali vizuri."

Saa nne inafika. Harufu ya kahawa inayokaangwa na ya ubani inajaa ukumbini, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, na shayiri ya kukaanga inazunguka kwenye ungo. Gashe Yirdaw anaingia akiwa amevaa koti lake la sikukuu. Kifuani amebandikwa kitambulisho cha plastiki.

"Mgeni!" anawaonyesha watu wote. "Miaka thelathini na moja, leo wameniandika mgeni!"

"Gashe, si nilikukabidhi kwa mikono miwili?" anajitetea Seid kutoka mlangoni.

Kitambulisho kile ni cha kudumu. Tangu wiki iliyopita mzee analipwa kidogo kuja mara mbili kwa wiki, msimu huu wa mvua, kumfundisha injinia kuisikiliza hewa. Anapita mlango mkubwa, anaandikwa jina, na mashine anamwachia injinia abonyeze.

Kompyuta imewekwa mezani karibu na kahawa. Girum anaingiza kipande chake, akikificha kwa kiganja. Lisanu anaingiza chake. Tirsit anamalizia. Kisha Lisanu anasogea kwenye kisanduku cha tarehe ya kuondoka, ambacho Tirsit amekitengeneza upya, na anaandika polepole, mbele ya kila mtu: Pagume 4. Mashine haipigi kelele. Ukumbi mzima unapiga makofi, na Lisanu anainama mara mbili kana kwamba ameufunga yeye ule mwaka.

Linabaki swali moja kwenye kioo.

"Inasemaje?" anauliza Gashe Yirdaw.

"Inauliza kama una hakika."

Mzee anaketi. "Iambie isubiri. Sijanywa kikombe cha tatu."

Mashine inasubiri. Mkurugenzi anasubiri. Kikombe cha kwanza kinanyweka kwa utani, cha pili kwa habari za injinia na Afar yake. Cha tatu, kile cha baraka, mzee anakinywa kimya. Anakiweka chini, anafuta kidole chake kwenye koti, anabonyeza.

"Sasa ndiyo nimestaafu," anasema. Anapangusa macho kwa ncha ya gabi na kulaumu moshi wa ubani.

Jioni, Tirsit anamwonyesha mwandishi karatasi iliyobandikwa juu ya meza yake. Ni ruhusa ya likizo, ya kwanza katika miaka tisa, yenye saini tatu. Wiki ijayo Pagume inaanza, naye atakwenda na mama yake na Mahlet kwa bibi yake huko Wuchale, siku zote tano. Rukiya Endris, aliyehamishwa kutoka chumba cha mizani, amefundishwa mwezi mzima kushika nafasi yake. Simu ya kazi itabaki kwenye droo ya Rukiya.

Je, haogopi mtandao ukianguka?

Tirsit anafikiri, anacheka. "Kuanguka siogopi, Rukiya atauinua. Naogopa usipoanguka. Nikirudi nikute tambi ziko sawa, printa iko sawa, na hakuna hata mmoja aliyeniulizia. Nimemwambia Gashe hofu yangu. Akaniambia, 'Basi usije ukapita getini alfajiri kujaribu kama bado inafungua.'"

Anazima kompyuta na kuchukua mtandio wake. Nje mvua imeanza tena. Siku ya tatu ya Pagume ni ya Malaika Rufaeli, na mvua ya siku hiyo watu huitokea nje waloweshwe, kwa baraka.

"Miaka tisa Rufaeli imenikuta chini ya paa, nimeikinga simu isilowe," anasema. "Safari hii nitasimama uani kwa bibi, mama huku, Mahlet huku. Mfukoni sina kitu. Ninyeshewe mpaka nitosheke."